Istilahi za Sayansi Zinapovuka Mipaka ya Fani: Mfano wa Tiba, Elimu ya Anga na Huduma za Dijitali

1. UTANGULIZI

Suala la istilahi za Kiswahili limejadiliwa kwa muda mrefu. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, hadi Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilipoanzishwa mwaka 1964 na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) mwaka 1967, wataalamu wamejiuliza maswali yale yale: Je, neno geni litoholewe au litafsiriwe? Je, lichukuliwe kutoka Kiarabu, Kiingereza, lahaja za Kiswahili, au lugha nyingine za Kibantu? BAKITA ilianza kuchapisha orodha za Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970, na mwaka 1990 TUKI ilitoa kamusi sanifu za isimu na za sayansi. Hapana shaka kwamba kazi hiyo iliipa lugha uwezo ambao haikuwa nao hapo awali.

Hata hivyo, mjadala huo aghalabu umeitazama kila fani peke yake. Kamati ya istilahi za tiba hukutana na madaktari, ile ya fizikia hukutana na wanafizikia, na siku hizi ile ya kompyuta hukutana na wahandisi wa mitambo. Msemaji wa kawaida hana kamati tatu kichwani mwake. Neno alilolisikia zahanati ndilo analokutana nalo redioni linapozungumzia nyota, na ndilo linaloandikwa katika simu yake anapojisajili kupata huduma ya serikali.

Makusudi ya makala hii ni kuonyesha kwamba baadhi ya matatizo makubwa ya istilahi za Kiswahili hujitokeza mahali neno linapovuka kutoka fani moja kwenda nyingine, wala si ndani ya fani moja. Maneno matano yatachunguzwa: majaribio, eksirei, bandia, janja na data. Mifano imechaguliwa kutokana na utafiti na huduma zinazofahamika nchini Kenya, na hasa zile zinazomgusa mkazi wa Kosele na sehemu nyingine za kaunti za Homa Bay na Migori.

2. MAHALI NA LUGHA ZAKE

Kosele ni mji mdogo katika eneo la Rachuonyo, si mbali na Oyugis. Wakazi wake wengi ni Wajaluo, na lugha ya nyumbani ni Kidholuo. Upande mmja wanapakana na Wagusii, na katika kaunti jirani ya Migori wapo pia Wakuria, ambao makazi yao yanavuka mpaka na kuingia Tanzania. Kwa hiyo Kiswahili katika eneo hili ni lugha ya sokoni, ya barabarani na ya ofisini, na watu wengi hujifunza baada ya lugha ya mama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 7, inakitaja kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Yafaa kutaja hapa jambo moja la majina. Msemaji wa Kiswahili anayelisikia jina Homa Bay hudhani kwamba linahusiana na homa, yaani ugonjwa wa joto la mwili, hasa kwa kuwa eneo hilo limejulikana kwa malaria. Asili yake ni nyingine. Jina hilo linahusiana na mlima ambao Wajaluo huuita Got Uma au God Marahuma, na halina uhusiano na neno homa lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Mfano huu mdogo unaonyesha jinsi msikilizaji anavyolipa neno maana kwa kufuata kile anachokijua tayari. Jambo hilo hilo hutokea kwa istilahi.

Eneo hili si geni kwa sayansi. Mbita, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, kuna kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, shirika lililoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Thomas Odhiambo. Kisiwani Rusinga, kati ya miaka 2012 na 2015, watafiti waliweka katika nyumba za watu mitego ya mbu inayotumia umeme wa jua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba maambukizo ya malaria yalikuwa chini kwa takriban asilimia 30 katika nyumba zilizowekewa mitego, na kwamba mbu wa aina ya Anopheles funestus walipungua kwa karibu asilimia 69. Kwa hiyo mkazi wa kaunti hii huombwa mara kwa mara ashiriki katika utafiti, na huombwa kwa maneno. Maneno hayo aghalabu hutungwa kwa Kiingereza, yakapitia Kiswahili, na kumfikia kwa Kidholuo au kwa mchanganyiko wa zote tatu.

3. MAJARIBIO: NENO MOJA KWA MAMBO MAWILI

Tarehe 13 Septemba 2019, katika Kaunti ya Homa Bay, Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, baada ya Malawi na Ghana kuanza mwezi Aprili mwaka huo huo. Nchini Kenya chanjo hiyo ilipangwa kutolewa kwa dozi 4, ya kwanza mtoto akiwa na miezi 6 na ya mwisho akiwa na miezi 24. Magazeti na redio za Kiswahili ziliita kazi hiyo "majaribio ya chanjo". Jina hilo halikuwa kosa la sarufi, lakini lilificha tofauti muhimu sana.

Chanjo hiyo ilikuwa imekwisha kupitia hatua nyingine kabla ya mwaka 2019. Kati ya mwaka 2009 na 2014 ilichunguzwa katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na zaidi ya watoto 15,000 walishiriki. Vituo vya Kenya vilikuwa Kilifi, Kombewa na Siaya. Swali la wakati huo lilikuwa: Je, chanjo hii inakinga? Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa RTS,S na wengine chanjo ya ugonjwa mwingine, kisha makundi yakalinganishwa. Ilionekana kwamba kwa watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, na kupata dozi zote 4, visa vya malaria vilipungua kwa takriban asilimia 36 katika muda wa miaka minne.

Mwaka 2019 swali lilikuwa limebadilika. Sasa liliulizwa kama zahanati za kawaida zingeweza kuitoa chanjo hii kwa dozi 4, kama wazazi wangerudi, na kama idadi ya vifo ingepungua huku usalama ukiendelea kuangaliwa. Kiingereza kina majina mawili tofauti kwa hatua hizi mbili. Kiswahili cha magazeti kilitumia neno moja, majaribio, kwa zote.

Neno hili lina mzigo mwingine pia. Kitenzi jaribu, chenye asili ya Kiarabu, kimezaa majaribio, jaribio na majaribu. Neno la mwisho katika lugha ya dini lina maana ya vishawishi au mateso yanayompima muumini. Katika Kidholuo hali ni hiyo hiyo: mzizi wa temo, kujaribu, ndio unaotumika pia kwa majaribu ya imani. Eneo la Rachuonyo limekuwa na mafunzo ya kanisa kwa zaidi ya karne moja, kwani misheni ya Waadventista ya Gendia, karibu na Kendu Bay, ilianzishwa mwaka 1906. Basi neno hilo linapofasiriwa kutoka Kiswahili kwenda Kidholuo, haliachi mzigo wake njiani.

Tofauti iliyofichwa na neno hili haikuwa ya wanaisimu peke yao. Mwaka 2020 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha hoja za wataalamu waliosema kwamba wazazi katika nchi tatu hizo hawakuelezwa ipasavyo kuwa watoto wao walikuwa ndani ya utafiti. Maeneo yalikuwa yamegawanywa kwa bahati nasibu, baadhi yakipewa chanjo kwanza na mengine yakisubiri, na maswali ya usalama yaliyotokana na uchunguzi wa awali yalikuwa bado yanafuatiliwa. Shirika la Afya Duniani lilijibu kwamba chanjo ilikuwa imeidhinishwa na mamlaka za dawa za nchi hizo, kwamba kazi hiyo ilikuwa ni utoaji wa chanjo ndani ya mpango wa kawaida, na kwamba mzazi anayemleta mtoto baada ya kupewa maelezo amekwisha kuridhia. Takwimu zilizokusanywa baadaye hazikuthibitisha hofu hizo za usalama. Tarehe 6 Oktoba 2021 shirika hilo lilipendekeza chanjo itumike kwa upana, na mpango ulipomalizika mwaka 2023 ilitangazwa kwamba vifo vya watoto waliostahili kuipata vilipungua kwa asilimia 13.

Makala hii haikusudii kuamua nani alikuwa na haki katika mabishano hayo. Jambo linalohusu isimu ni hili: ubishi wote ulisimama juu ya tofauti ya maana mbili, na tofauti hiyo haikuwa na majina katika Kiswahili kilichotumika. Tuseme mama wa Kosele anaambiwa, "Hii ni chanjo ya majaribio." Anaweza kuelewa kwamba chanjo haijajulikana kama inafaa, akakataa kitu ambacho kingemwokoa mtoto wake. Au anaambiwa tu, "Hii ni chanjo," bila neno majaribio, akakosa kuelewa kwamba bado kuna jambo linalochunguzwa, na kwamba ana haki ya kuuliza. Kwa maneno aliyopewa, hawezi kupata ukweli wote.

Inapendekezwa kwamba hatua ya kwanza iitwe utafiti wa ufanisi, na ya pili iitwe utoaji wa awali. Majina haya hayana uzuri wa pekee, lakini yanamwezesha mzazi kuuliza swali sahihi: Je, mnatafuta kujua kama dawa inafaa, au mnatafuta njia ya kuifikisha kwetu?

4. EKSIREI: KUTOKA ZAHANATI HADI ANGANI

Mfano wa pili unaanzia angani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi. Jukwaa hilo lilikuwa la Waitalia, na setilaiti iliyobebwa ilikuwa ya Marekani. Kwa heshima ya siku hiyo, setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa miale ambayo Röntgen aliigundua mwaka 1895.

Kurushwa karibu na ikweta kulikuwa na sababu za kisayansi. Mzunguko wa dunia una kasi kubwa zaidi kwenye ikweta, kwa hiyo roketi hupata msukumo wa ziada. Na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka kwa kiasi kikubwa sehemu zenye chembe za nishati kali ambazo huvuruga vipimo. Nayo miale yenyewe haiwezi kuchunguzwa kutoka ardhini, kwa sababu hewa ya dunia huizuia. Setilaiti Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miale hiyo. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilichunguzwa kwa uangalifu zaidi baada ya vipimo vyake, ikaonekana kwamba kuna nyota kubwa inayozunguka pamoja na kitu kisichoonekana kwa muda wa siku 5.6. Kitu hicho ndicho kilichokubalika kuwa mfano wa mwanzo wa kile kiitwacho shimo jeusi. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vinakadiria tungamo lake kuwa takriban mara 21 ya Jua. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wa setilaiti hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Ni ajabu kwamba chombo chenye jina la Kiswahili, kilichorushwa kutoka pwani ya Waswahili, hakielezeki kwa urahisi kwa Kiswahili. Tatizo ni neno eksirei. Neno hili liliingia katika lugha kupitia hospitali. Mgonjwa husema, "Nimepigwa eksirei," au "Nimeletewa eksirei yangu," akiwa na maana ya picha ya mifupa au ya mapafu. Kwa hiyo eksirei ni picha, au mashine ya kupigia picha, au tendo lenyewe. Miale inayotengeneza picha haina jina katika matumizi ya watu, kwa sababu haionekani na mgonjwa hakuwa na haja ya kuitaja.

Hapo mwandishi wa elimu ya anga anapata taabu. Akiandika kwamba nyota inatoa eksirei, msomaji atashangaa: nyota inapigaje picha? Akiandika kwamba setilaiti ilipiga eksirei anga, msomaji ataelewa kwamba chombo kilirusha miale kwenda kwenye nyota, kama mashine ya hospitali inavyomfanyia mgonjwa. Ukweli ni kinyume chake. Setilaiti haikurusha kitu. Ilipokea tu miale iliyotoka mbali. Kosa hili si dogo, kwa kuwa linageuza mwelekeo mzima wa tendo, na mwanafunzi anayeanza nalo atafundishwa upya baadaye.

Kosa hilo hurudi zahanati pia. Mjamzito anayeambiwa ajihadhari na eksirei huogopa picha yenyewe au bahasha yake, lakini haelewi kwamba hatari inayozungumziwa ni ya miale inayopita mwilini kwa muda mfupi, na kwamba picha iliyokwisha kupigwa haina madhara. Kwa hiyo kuyatenganisha maneno kunamfaa mgonjwa kama kunavyomfaa mwanafizikia. Inapendekezwa miale ya eksi itumike kwa miale, na picha ya eksirei kwa picha. Hakuna haja ya kupambana na matumizi ya watu. Yatosha kuyaongezea neno walilolikosa.

Istilahi shimo jeusi nayo yahitaji tahadhari. Shimo katika Kiswahili huchimbwa ardhini na huwa na upande ulio wazi. Ni mahali patupu. Kitu kinachoitwa hivyo angani si utupu hata kidogo, bali ni tungamo kubwa lililobanwa mno hata mwanga haupenyi kutoka. Hata hivyo tafsiri hii imekwisha kuenea, na lugha nyingi zimefuata njia hiyo hiyo. Hapa kazi ya mwalimu ni kueleza vizuri, wala si kubuni neno jipya.

Ikumbukwe pia kwamba Kiswahili hakikuwa maskini wa maneno ya anga. Mabaharia na wanazuoni wa pwani walitumia Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali kutoka Kiarabu, na wakulima walikuwa na Kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake linatokana na kitenzi lima, kwa kuwa lilihusishwa na majira ya kulima. Kenya iliporusha setilaiti yake ya kuchunguza ardhi mwezi Aprili 2023, iliiita Taifa-1. Kwa hiyo lugha ina majina ya vitu vya angani. Inalokosa ni maneno ya kueleza yanayotendeka huko.

5. BANDIA NA JANJA: MANENO YENYE SIFA MBAYA

Katika utafiti wa dawa, mara nyingi kundi moja hupewa kidonge ambacho kwa sura ni kama dawa lakini ndani yake hamna dawa. Baadhi ya tafsiri za Kiswahili hukiita dawa bandia. Katika lugha ya kila siku, bandia ni kitu cha udanganyifu: noti bandia, vyeti bandia, mbegu bandia. Na dawa bandia hasa ndilo jina ambalo vyombo vya habari hutumia kwa dawa ghushi zinazouzwa na wahalifu. Mtu anayesoma katika fomu ya ridhaa kwamba huenda akapewa dawa bandia anasoma, kwa lugha yake, kwamba huenda akatapeliwa.

Wengine wamejaribu dawa tupu. Hapa pana mtego mwingine. Katika Kiswahili, maji matupu ni maji pekee bila kuchanganywa na kitu. Kwa hiyo dawa tupu yaweza kueleweka kuwa ni dawa pekee, isiyo na kingine, yaani kinyume kabisa cha makusudi. Kwa fomu za ridhaa, maelezo kamili yanafaa kuliko istilahi: kidonge kisicho na dawa. Kwa maandishi ya wataalamu, plasibo lililotoholewa halina lawama, maana msomaji wake anajua linalozungumziwa.

Neno bandia limerudi tena katika fani ya kompyuta. Mitambo inayoweza kujifunza, kutabiri na kutunga maneno imepewa majina kadhaa: akili bandia, akili mnemba na akili unde. La kwanza ndilo lililosikika mapema katika vyombo vya habari, lakini linaleta ile ile harufu ya ughushi. La tatu limeundwa kutokana na kitenzi unda kwa kiambishi tamati -e, kama umba lilivyozaa kiumbe na teua likazaa teule. Kwa mtazamo wa uundaji wa maneno, akili unde inasema jambo moja tu, kwamba akili hii imeundwa, na inamwachia msomaji aamue mwenyewe kama aiamini au la. Hiyo ndiyo adabu ya istilahi nzuri.

Janja nalo limepewa kazi mpya. Simu zenye uwezo wa kompyuta huitwa simu janja, na sasa husikika miji janja na huduma janja. Katika ngano za Kiswahili Sungura ni mjanja, na katika ngano za Wajaluo Apwoyo, ambaye ndiye huyo huyo sungura, anasifika kwa tabia hiyo hiyo. Ujanja wake husifiwa, lakini daima kuna aliyeachwa mikono mitupu. Kwa simu, neno hilo halina madhara, kwani mwenye simu ndiye anayenufaika na ujanja wake. Kwa huduma ya serikali au ya hospitali hali ni tofauti: mtu hujiuliza ni nani anayefanyiwa ujanja. Huduma za kidijitali ni jina lisilo na mvuto mkubwa, lakini halimtishi mtu.

6. DATA: KITU KINUNULIWACHO NA KITU KITUNZWACHO

Katika fani zote tatu, neno linalotumika zaidi siku hizi ni data. Mtafiti wa malaria hukusanya data, setilaiti hutuma data, na mfumo wa afya huhifadhi data. Wengine hutumia takwimu, lakini takwimu zimezoeleka kuwa ni hesabu zilizojumlishwa, kama zile za sensa. Jina la mgonjwa na namba ya kitambulisho chake si takwimu.

Kwa mkazi wa kawaida wa Kenya, data ni kitu kinachonunuliwa kwa ajili ya simu. Huisha, hununuliwa tena, na huweza kugawiwa rafiki. Tuseme mhamasishaji wa afya ya jamii anafika nyumbani Kosele na simu yake ya kazi. Mwezi Septemba 2023 serikali ilianza kuwapa zaidi ya wahamasishaji 100,000 nchini vifaa vya kazi, zikiwamo simu za kurekodia habari za kaya. Mhamasishaji anasema, "Tutahifadhi data yako." Mwenye nyumba anaweza kuelewa kwamba salio la simu yake litaguswa. Au hataelewa lolote, akakubali kwa heshima ya mgeni.

Uzito wa jambo hili umeongezeka kisheria. Kenya ilipitisha Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, na mwezi Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliona kwamba utoaji wa kadi za Huduma ulifanywa kinyume cha sheria hiyo, kwa kuwa athari zake kwa faragha hazikutathminiwa kwanza. Mwezi Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya hazina ya zamani ya bima ya hospitali. Mwananchi aliweza kujisajili kwa kubonyeza *147# katika simu yake, na asiye na mshahara aliulizwa maswali kuhusu maisha ya nyumbani ili mfumo ukadirie mapato yake na kiasi cha kulipa, yaani asilimia 2.75 ya mapato ya kaya. Katika hali hiyo, kulielewa swali ni sawa na kulinda mfuko. Sheria inampa mtu haki juu ya habari zake, lakini haki hiyo haina nguvu ikiwa jina la kitu kinacholindwa linamfanya afikirie kitu kingine. Maneno habari zako binafsi yangemwonyesha mara moja kinachozungumziwa.

7. LUGHA YA BIASHARA NA LUGHA YA KAMATI

Wapo wasemao kwamba Kiswahili hakina rasilimali ya kutosha kwa huduma mpya. Ushahidi wa biashara za simu nchini Kenya unapinga dai hilo. Mwezi Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha huduma ya kutuma fedha ikaiita M-Pesa, na msamiati wake wa tuma, toa, wakala na namba ya siri ukaenea hadi vijijini bila kamusi. Mkopo wa salio la kuzungumza uliitwa Okoa Jahazi, kwa kutumia taswira ya wanabahari wa pwani. Kugawa salio kuliitwa sambaza. Mwaka 2019 mkopo wa kumwezesha mtu kuendelea kulipa baada ya fedha zake kwisha uliitwa Fuliza, kitenzi chenye maana ya kuendelea na jambo bila kukoma, ambacho vijana wengi hawakuwa wamekisikia hapo kabla. Leo kijana wa Kosele, ambaye bahari haijui ila kwa kusimuliwa, hufuliza na kuokoa jahazi.

Kuna mafunzo mawili hapa. La kwanza ni kwamba neno la zamani au la lahaja si kikwazo, kama marehemu Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu alivyoshikilia kwa miaka mingi alipokuwa akibuni maneno kutokana na hazina ya pwani. La pili ni kwamba neno hufaulu linapofuatana na tendo ambalo mtu hulifanya mwenyewe kila siku. Anayefuliza hujua maana ya kufuliza anapoona deni.

Hata hivyo mfano wa biashara usifuatwe kwa upofu. Mfanyabiashara huchagua neno linalovutia, na neno linalovutia huweza kuficha gharama. Okoa Jahazi linataja wokovu, wala halitaji deni. Fomu ya ridhaa ya utafiti haina ruhusa ya kuvutia. Wajibu wake ni kueleweka hata kama kueleweka huko kutamfanya mtu akatae. Hapo ndipo kamati ya istilahi ina kazi ambayo soko haliwezi kuifanya.

8. HITIMISHO

Makala hii imeeleza kwamba maneno majaribio, eksirei, bandia, janja na data yanafanya kazi nzuri katika sehemu moja na kuleta utatanishi katika nyingine. Chanzo cha utatanishi si upungufu wa maneno, bali ni kuyaunda na kuyatumia katika fani moja bila kuangalia yanafanya nini katika nyingine na katika maisha ya kila siku. Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa.

Kwanza, kila istilahi inayopendekezwa na kamati ya fani moja ipelekwe kwa kamati za fani jirani kabla ya kuchapishwa. Neno bandia lingehojiwa mapema kama wafamasia na wahandisi wa kompyuta wangeketi pamoja.

Pili, istilahi za ridhaa, za chanjo na za usajili zijaribiwe kwanza kwa wasikilizaji ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili, kama walio wengi Homa Bay na Migori. Wasiulizwe kama neno ni zuri. Waombwe waeleze kwa maneno yao wenyewe, na kwa lugha yao ya nyumbani, kile walichokisikia. Wanaofasiri kwa Kidholuo na Kikuria wahusishwe tangu mwanzo, maana wao ndio wa kwanza kuona mahali Kiswahili kinapoyumba.

Tatu, itofautishwe istilahi ya mtaalamu na maelezo ya mwananchi. Plasibo na miale ya eksi yana mahali pake katika kitabu cha chuo kikuu. Katika zahanati, kidonge kisicho na dawa ni Kiswahili sanifu kama istilahi nyingine yoyote, na mwandishi asione haya kukitumia kwa sababu kina maneno manne.

Kazi hii ni ya idara za lugha. Madaktari, wanafizikia na wahandisi wamekwisha kufika Kosele na vyombo vyao. Mfasiri afike pamoja nao, fomu zikiwa bado hazijachapishwa.